Kibanda cha Mwashi

Kibanda kilisimama nyuma ya nyumba, kati ya bustani ya mboga na ukuta wa jirani, na kwa miaka mingi hakikupata mgeni ila kuku waliotaka kutaga kwa siri. Kilikuwa cha mbao tupu, mbao zilizolaliana kama magamba ya samaki, chenye dirisha moja na mlango ulioning'inia kwa bawaba moja kama jino la mtoto. Ndani mlikuwa na jembe lisilo na mpini, ndoo zilizotoboka, na gunia la kitu ambacho hakuna tena aliyekumbuka ni nini. Watu wa nyumba ile walikipita asubuhi na jioni wakienda kuanika nguo, wala hawakukitazama, mpaka siku binti alipoingia jikoni kwa mama yake, akaketi bila kusalimia, akasema chumba chake cha kushonea kimechukuliwa.

Mwenye jengo anavunja vyumba vyote vya mbele. Amewapa wapangaji mpaka mwisho wa mwezi. Binti alieleza haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma bei ya unga, ila vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la kitambaa cha meza. Alikuwa na vyerehani vitatu, meza ya kukatia, majora ya kitambaa, na kazi ya sare za shule nzima ambayo hata nusu hajaifikia. Na mvua hizo, zinanukia. Vyumba vya kupanga alivyouliza vilikuwa mbali, au vilikuwa vya watu wenye biashara nzito kuliko sindano na uzi.

Mama yake, ambaye majirani walimzoea kwa jina la Bi Mkubwa na mwishowe hata mumewe akamwita hivyo, aliangaza macho nyumbani mwake. Vyumba viwili, na sebule ambayo ukinyoosha miguu unagusa ukuta wa pili. Akaanza kusema kwamba kitanda kinaweza kusogezwa, ndipo sauti ikatoka kizingitini.

"Kuna kibanda," alisema mumewe.

Mzee huyo alikuwa mwashi. Mtaa mzima ulimwita Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye risasi ambayo waashi hupimia ukuta kama umesimama wima. Ilisemekana yeye haihitaji, jicho lake linatosha. Lakini tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa, mwaka na zaidi sasa, mguu wake wa kulia haukupanda tena ngazi. Siku zake alizimaliza kizingitini, mguu kaunyoosha mbele kama kitu alichoachiwa akitunze.

Binti alimtazama baba yake, kisha mama yake. Akasema kwa adabu kwamba kibanda kinavuja kila mahali, na kwamba yuko seremala pale kona, yule anayeitwa Randa, anaweza kuitwa akitazame.

"Randa," mzee alisema, na akacheka puani. "Nimejenga nyumba za watu ghorofa kwa ghorofa, kibanda cha kuku kinishinde? Seremala ni mwashi aliyeogopa jua, mwanangu. Niachieni."

Bi Mkubwa alitaka kusema neno. Lakini alimwona mumewe anajiinua kwa fimbo, anakwenda zake nyuma ya nyumba, na mara akamsikia anapiga mluzi. Mluzi ule hakuusikia tangu siku ya jukwaa. Basi neno akalimeza.

* * *

Kazi ilianza kesho yake. Mzee Timazi alitoa kila kilichokuwemo, akafagia utando wa buibui, akagonga mbao moja moja kwa mpini wa nyundo huku kainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Mlango aliutia bawaba mpya. Mabati mawili yaliyoliwa na kutu aliyabadilisha, akipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu ngazi haimtaki, na Bi Mkubwa akiishika ndoo kwa mikono miwili na moyo wake kwa wa tatu. Walifanya kazi hivyo siku tatu, wazee wawili, bila maneno mengi. "Msumari." Anampa. "Si huo." Anampa mwingine. Mchana wanakunywa chai wameegemea ukuta wa jirani, wanakitazama kibanda kama watu wanaotazama mtoto akijifunza kutembea.

Siku ya nne mzee akamwomba ndoo ya mchanga. Bi Mkubwa aliuliza mchanga wa nini, na mzee akamjibu kwa upole wa mtu anayeeleza jambo lililo wazi: nafasi zote kati ya mbao na mbao ataziziba kwa saruji, na chini kabisa, pale mbao zinapogusa ardhi, atazungushia ukanda wa saruji, kimo cha shibiri mbili, ili maji ya mvua yasipate pa kuingilia. Alikuwa tayari ameusafisha mwiko wake wa kazi, ule wa chuma wenye mpini uliolainika kwa kiganja chake, na ulikuwa uking'aa kama kijiko cha mgeni.

Bi Mkubwa aliutazama mwiko, kisha akautazama mlango wa jikoni kwake. Mlango ule ulikuwa wa mbao pia. Kila msimu wa mvua ulivimba, ukakataa kufunga, akaupiga bega. Kila kiangazi ulinywea, akaona mwanga pembeni yake. Miaka thelathini alikuwa akipigana bega na mlango ule, na alijua jambo moja ambalo mtu wa mawe hakuwahi kulazimika kulijua: mbao haitulii. Jiwe ukiliweka, umeliweka. Mbao unaiweka, nayo inaendelea na shughuli zake.

"Mlango wa jikoni huvimba, lakini," alisema.

"Huo hauna saruji," mzee alimjibu, na akaanza kukoroga.

Na alikoroga vizuri, usiseme. Ulikuwa uji mzito usiomwagika mwikoni, na aliusukuma kwenye kila ufa kwa ncha, akaupangusa kwa ubavu, akarudia kwa kidole kilicholoweshwa maji mpaka mstari ukalala sawa kama mshono wa binti yake. Alipomaliza ule ukanda wa chini, ulikuwa umenyooka kiasi kwamba majirani walikuja kuusifu. Mmoja alisema kibanda sasa kimekuwa nyumba. Mzee Timazi alijibu kwamba bado, hakijapimwa.

* * *

Kupima kulikuwa na utaratibu wake. Enzi zake za kazi, mwashi yule hakumkabidhi mtu tangi la maji wala paa la zege bila kulijaza maji kwanza, na mtu wake wa kukagua ndani siku zote alikuwa mkewe. Aliletwa kwenye majengo ya watu akiwa bado msichana, akiwa mjamzito, akiwa na mtoto mgongoni. Anapewa kipande cha chaki. Mume yuko nje anamwaga. Mke yuko ndani anatazama. Akiona unyevu anazungushia duara la chaki na kutaja mahali. Asipoona, anasema neno moja tu: pakavu. Na neno hilo likisemwa, Mzee Timazi alikunja vifaa vyake.

Basi Bi Mkubwa aliingia kibandani na chaki yake, akafunga mlango. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya saruji mpya. Nje alisikia ndoo ya kwanza ikipiga ukuta wa kusini, kisha ya pili, kisha hatua za mguu mmoja mzima na mmoja unaoburutwa, zikizunguka.

Ukuta wa kusini, sawa. Ukuta wa dirisha, sawa. Kwenye ukuta wa nyuma, chini ya kiuno chake hivi, aliona mstari mwembamba kama unywele umejichora kati ya saruji na mbao. Aliinama. Mstari ukang'aa. Kisha ukatoa tone, tone likafuata tone, na maji yakateremka ukutani taratibu, bila haraka, kama mtu aliyekuja kukaa.

Aliinua chaki. Alikuwa amekwisha kuchora nusu ya duara pale nje mluzi ulipoanza tena. Mzee alikuwa anajaza ndoo bombani na kupiga mluzi, na katikati ya mluzi akamwambia jirani aliyekuwa upande wa pili wa ukuta kwamba hapana, hajamwita fundi, fundi gani tena.

Mkono wa Bi Mkubwa ulisimama hewani. Alifikiria kizingiti cha mlango. Alifikiria mguu ulionyooshwa pale, mwaka mzima, na uso wa mwenye mguu ukitazama watu wakienda kazini. Akajiambia, ni ufa mdogo. Akajiambia, hiyo ni ndoo nzima kwa mara moja, mvua haimwagi hivyo.

"Vipi huko?" mzee aliuliza.

Bi Mkubwa alichukua ncha ya mtandio wake, akafuta maji. Akafuta na chaki.

"Pakavu," alisema.

* * *

Binti alihamia siku mbili baadaye. Vyerehani vilipangwa chini ya dirisha, meza ya kukatia ikawekwa katikati, na baba yake akamtengenezea rafu kwenye ukuta wa nyuma kwa mabaki ya mbao. Sketi za shule zilizokamilika, za buluu nzito, alizikunja na kuzipanga rafu ya chini, maana ile ya juu ilikuwa ya majora. Kila jioni aliporudi nyumbani alikuwa anatabasamu. Alimwambia baba yake kwamba hata kule mjini hakuwa na mwanga mzuri hivi. Bi Mkubwa alisikia hayo akiwa anapepeta mchele, akapepeta mara mbili ya ilivyohitajika.

Mvua ilinyesha mchana wa siku ya tisa, na haikuwa hata mvua kubwa. Ilikuwa ile ya kunyesha pole pole, saa baada ya saa. Binti alikuwa amekwenda kununua vifungo. Aliporudi na kufungua kibanda hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlango wa jikoni, viatu vikiwa na matope, akasema: "Baba, njoo uone."

Walikwenda wote watatu. Saruji ya ukuta wa nyuma ilikuwa imeachana na mbao kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbao ilikuwa imevimba, ikakisukuma kile kilichoibana, kikapasuka, na maji yakapita. Lakini si maji matupu. Yalikuwa yamebeba chokaa ya saruji, na juu ya sketi za buluu, kutoka ya kwanza mpaka ya kumi na moja, yalikuwa yamechora mifereji myeupe kama machozi ya mtu aliyejipaka poda. Na kule chini, penye ule ukanda uliosifiwa na majirani, maji yaliyoingia yalikuwa yamekosa pa kutokea. Yalituama kama yako kwenye karai.

Binti aliinua sketi moja, akaitazama, akairudisha. Mwalimu alikuwa anakuja kuchukua za awali kesho kutwa.

"Lakini mlipima," alisema. Hakuwa akimlaumu mtu, alikuwa hajaelewa. "Mama, si ulikuwa ndani? Ulisema pakavu."

Bi Mkubwa alifungua kinywa. Mzee Timazi, wakati huo, alikuwa ameondoa rafu na kuinamia ukuta, akifuata ufa kwa kidole, kama alivyofuata nyufa maisha yake yote, akitafuta mwanzo wake. Kidole kilifika mahali kikasimama. Mbao ile haikupigwa randa. Ilikuwa na nyuzinyuzi, na kitambaa hakiwezi kufuta kila kitu kwenye nyuzinyuzi. Palikuwa na nusu ya duara, nyeupe, hafifu, imekumbatia tundu la maji barabara.

Aliitazama kwa muda ambao mtu angeweza kufunga viatu vyote viwili. Kisha akanyooka, akamwambia binti: "Maji yana akili kuliko sisi. Zitoe nguo zako uzipeleke ndani. Kosa ni langu." Akatoka. Mkewe hata hakumtupia jicho.

* * *

Jioni ile Bi Mkubwa aliziloweka sketi kwenye siki na maji, akazisugua kwa kiganja. Nane zilisafika. Tatu zilibaki na kivuli. Binti alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, akaeleza, akarudi na uso umemshuka, akasema amepewa wiki tatu, na kwamba mwalimu alimwuliza mbele ya watu kama bado ana mahali pa kazi pa kueleweka. Cherehani kimoja kiliingizwa chumbani kwa wazazi, miguuni mwa kitanda. Vingine vilifunikwa nailoni sebuleni, na wageni wakakosa pa kukaa.

Mzee Timazi alingoja mpaka chai ya asubuhi.

"Uliliona," alisema.

"Nililiona."

"Ukanihurumia."

Bi Mkubwa alikizungusha kikombe chake. Alisema kwamba alimsikia anapiga mluzi, na hakutaka kuwa yeye wa kuukata.

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Sikiliza, Bi Mkubwa. Anayehurumiwa ni aliyeshindwa. Mimi nilikuwa sijashindwa. Nilikuwa nimekosea tu. Kukosea kuna dawa yake, unabomoa, unajenga. Lakini wewe ulinifungia mlango wa kubomoa." Akanywa chai. "Mguu huu ulipovunjika watu wote waliacha kuniambia kweli. 'Mzee unaendelea vizuri, mzee utarudi kazini.' Nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja."

Hakuinua sauti, na hilo ndilo lililomchoma. Kisha akachukua nyundo na tindo, ile patasi ya chuma ya kuvunjia zege, akaenda nyuma ya nyumba, na kutwa nzima na ya pili yake alisikika akiing'oa saruji yake mwenyewe, kipande kwa kipande.

Tangu siku hiyo kikaingia kitu kipya nyumbani. Mzee anauliza, "Mlango wa mbele umefungwa?" Bi Mkubwa anajibu umefungwa. Mzee anasema vyema, halafu anachukua fimbo, anainuka, anakwenda kuutazama. Anauliza kama chai ina sukari, anaambiwa inayo, anaionja kwanza kwa ncha ya kijiko. Hakuwa akifanya kwa ubaya. Pengine hata hakujua anafanya. Bi Mkubwa alijua. Kila fimbo ilipogonga sakafu kuelekea mlango uliofungwa, alijua.

* * *

Siku ya tatu mzee alivaa shati safi, akamwambia mkewe: "Twende. Nataka shahidi."

Walikwenda mpaka kona, kwenye karakana ya Randa, ambapo maranda ya mbao yalikuwa yamejaa mpaka vifundoni na kila kitu, hata kalenda, kilikuwa na vumbi la msumeno. Seremala alikuwa mtu mfupi mwenye penseli sikioni. Zamani alikuwa akipiga mbao za kumwagia zege kwenye kazi za Mzee Timazi, na hakuna utani wa waashi juu ya maseremala ambao hakuusikia kutoka kwake. Alipowaona alizima mashine, akafuta benchi kwa mkono, akamwamkia Bi Mkubwa na kumkaribisha. Kisha akamgeukia mzee.

"Shikamoo, fundi mkuu. Umepotea njia? Huku ni kwa watu waliokimbia jua."

"Marahaba. Nimekuja kuomba kivuli," Mzee Timazi alijibu.

Wasaidizi wawili wa Randa walicheka. Randa hakucheka. Alimtazama mzee, akatazama saruji kavu iliyobaki chini ya kucha zake, akasema aoneshwe.

Walipofika nyuma ya nyumba, alikizunguka kibanda mara mbili. Alizinusa mbao. Alichoma kisu kwenye zile za chini, zile zilizokuwa zimefunikwa na ukanda, kisu kikazama bila sauti kama kwenye mkate uliolowa chai. Bi Mkubwa alitazama pembeni. Lakini kuanzia magotini kwenda juu kisu kiligoma, na Randa akatikisa kichwa kwa heshima. Mbao ya zamani, alisema. Siku hizi hata ukiwa na hela huipati.

"Mzee wangu," alisema mwishoni, "hukufanya kazi mbaya. Ulifanya kazi ya jiwe. Mbao ni kama mtu: mpe viatu na kofia, mwilini atajitegemea. Inataka miguu mikavu na paa linalozidi ukuta. Nyufa zake huzibi. Unazifunika juu kwa papi, vile vibao vyembamba, unapigilia upande mmoja tu, ili mbao ipumue chini yake."

"Na viatu ni nini?"

"Viatu ni nguzo fupi za matofali, sita, ziwe sawasawa kabisa. Zikipishana hata kidogo, kibanda chote kitajikunja na mlango hautafunga." Randa alijikuna chini ya penseli. "Hiyo si kazi yangu. Nikijenga mimi nitakuaibisha."

Mzee Timazi akamwuliza mkewe mwiko wake ameuona wapi. Bi Mkubwa alisema uko nyuma ya pipa. Mzee akaenda kuutazama mwenyewe kama uko nyuma ya pipa.

* * *

Walikiinua kibanda kwa magogo na jeki ya gari, wasaidizi wa Randa upande mmoja, majirani upande mwingine, mpaka kikasimama hewani kama mama aliyepandisha nguo kuvuka maji. Mzee alijenga nguzo zake sita akiwa amekaa kitako juu ya gunia, akijisogeza kutoka moja hadi nyingine. Alipomaliza, Randa aliweka ubao mrefu kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, akaweka pimamaji juu yake. Tone la hewa kwenye kioo lilikwenda katikati na kukaa. Akageuza ubao, akapima kwa mshazari. Likakaa. Akakirudisha kifaa mfukoni bila neno, na wasaidizi wake waliokuwa wanacheka juzi wakaenda kuyagusa matofali yale kwa vidole.

Mbao zilizooza zilikatwa, mpya zikatiwa. Kisha wakangoja zikauke, kwa kuwa Randa alikataa katakata kupaka kitu chochote kwenye mbao yenye maji. Utamfungia adui ndani ya nyumba, alisema. Siku tano za jua walizipata katikati ya mawingu, kwa bahati. Zile za chini zilipakwa lami, za juu mafuta na kisha rangi mara mbili, na kila ncha ya mbao ilinyweshwa mpaka ikashiba, kwa sababu mbao hunywa kwa kinywa kuliko kwa ngozi. Paa liliongezwa likazidi ukuta kwa dhiraa. Bi Mkubwa alipewa mkasi na mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, akakata viduara vya kuvalisha kila msumari wa bati, mia na kitu, mpaka kidole gumba kikafanya lengelenge. Binti alimcheka, akamfunga kitambaa. Papi zilipigiliwa na Mzee Timazi mwenyewe, upande mmoja tu kama alivyofundishwa, na ile ya mwisho kabisa, ya kona ya mlango, aliipigilia wakati Randa amekwenda kunawa mikono, ili ajue na yeye anaweza bila kusimamiwa.

* * *

Siku ya kupima walikuwepo wote. Randa alikuwa ameegemea ukuta wa jirani na kikombe cha chai. Binti alikuwa amesimama na mikono kifuani; siku yake kwa mwalimu ilikuwa imebaki wiki moja. Mzee Timazi alijaza ndoo. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki, akakishika kidogo kabla ya kumpa mkewe.

Bi Mkubwa aliingia, akafunga mlango. Safari hii mlango ulifunga kwa sauti moja laini. Ndani palinuka mafuta na mbao. Ndoo ya kwanza ikapiga. Ya pili. Hatua zikazunguka, mguu mmoja mzima, mmoja unaburutwa. Ukuta wa kusini, wa dirisha, wa nyuma. Pale kwenye nusu ya duara, ambayo hakuna aliyeifuta, alipiga magoti, akaweka kiganja. Mbao ilikuwa na uvuguvugu wa mkate. Alipumua.

Ndoo ya mwisho ilimwagwa mlangoni. Alikuwa amekwisha kuinuka aliposikia kitu kidogo, tik, kama sindano iliyoanguka. Aligeuka. Kona ya mlango, upande wa kushoto, chini ya ile papi ya mwisho, tone lilikuwa limening'inia. Likaanguka. Lingine likaja.

Nje alimsikia Randa akivuta chai. Alijua ni papi gani ile na nani aliipigilia, na nani angeisikia habari yake.

"Vipi huko?" mzee aliuliza. Hakupiga mluzi.

Bi Mkubwa alichora duara, zima, mpaka chaki ikakutana na mwanzo wake.

"Panavuja," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Kona ya mlango, kushoto, shibiri moja kutoka chini. Papi yako ya mwisho."

Kisha akasikia sauti ya mumewe, nayo ilikuwa na kitu ambacho alikuwa amekisahau.

"Kubwa au ndogo?"

"Ya kuharibu sketi mbili. Umepigilia pande zote mbili, nauona msumari umetokeza."

Randa alipaliwa na chai. Mzee Timazi akacheka, si puani, akacheka kwa tumbo zima, akamwambia seremala asimtazame hivyo, mwanafunzi hukosea siku mwalimu akienda kunawa. Akauzungukia mlango, akang'oa, akapigilia upya upande mmoja, akapaka mafuta kwenye ncha. Yote hayo Bi Mkubwa aliyasikia akiwa amekaa ndani, mgongo ukutani, machozi yakimtoka na yeye akiyaacha.

Ndoo ikajazwa tena. Ikamwagwa mlangoni, yote, kisha na nyingine juu yake. Bi Mkubwa aliweka jicho karibu na duara lake, akangoja mpaka maji ya nje yakaacha kudondoka kutoka paani. Akapitisha kidole. Akakitazama kidole. Akapitisha tena.

"Pakavu," alisema.

Alisikia ndoo ikiwekwa chini. Akangoja kusikia na fimbo, ikija kuelekea mlangoni. Haikuja. Alichosikia ni mumewe akimwambia binti alete vyerehani, na Randa akiuliza, hata huingii kuangalia, na mzee akimjibu, huku tayari anakunja vifaa vyake:

"Niangalie nini? Si umesikia ni pakavu?"